Namba ni ya Nani? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Simu ya Intaneti ya Bure au ya Biashara

Karibu na steji ya Kondele, hapa Kisumu, kuna duka la vifaa vya ujenzi lenye namba ya WhatsApp iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, kubwa kama jina la mgombea. Mwenye duka hawezi kuipokea. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kijana aliyekuwa akimuuzia. Kijana akapata kazi Eldoret, na laini ikaondoka naye mfukoni. Hakuiba chochote, laini ni yake. Wateja wa mabati bado humpigia, naye huwaambia kwa upole kwamba siku hizi yuko mbali.

Mimi ni fundi wa ruta na simu za ofisi, na kila ninapofungua kisanduku cha vifaa naulizwa swali lilelile: "Fundi, hii ya kulipia inasikika vizuri zaidi?" Hapana. Sauti ya programu ya bure na ya programu ya kulipia hupita kwenye intaneti ileile uliyonayo. Unapolipa unanunua mambo mengine: namba inashikwa na nani, ni nani anayeona simu ambazo hazikupokelewa, mfanyakazi akiacha kazi anaondoka na nini, na mkutano unakatika dakika ya ngapi. Ukilielewa hilo, hatua zifuatazo zitakwenda upesi.

Hatua ya 1: Andika simu za wiki moja

Usipakue kitu bado. Chukua daftari na kwa siku saba andika kila simu: imeingia au imetoka, ni ya kawaida au ya intaneti, saa ngapi, nani aliipokea, na kama haikupokelewa, kwa nini. Hakikisha wiki hiyo ina siku yako ya kazi nyingi. Anayeuza soko la Kibuye asiiache Jumapili.

Kazi hii inachosha, najua, lakini ndiyo iliyomwokoa mama mmoja mwenye agrovet upande wa Ahero. Alikuwa tayari kulipia mfumo mzima wa intaneti. Daftari likaonyesha kwamba wakulima wake wa mpunga, karibu wote, wanapiga kwa kabambe, zile simu ndogo za vitufe. Kabambe haina WhatsApp ya kupigia wala Zoom. Alichohitaji ni laini ya pili ya kawaida na mtu wa kuipokea saa za asubuhi. Alitumia bei ya simu moja ndogo, na mimi nikakosa kazi.

Wiki ikiisha, tafuta majibu ya maswali manne. Wateja wako wanatumia simu gani? Je, simu mbili huingia kwa wakati mmoja? Unahitaji mikutano ya watu wengi? Na mtu akikuuliza mwezi ujao "nilipiga tarehe fulani, nani alipokea?", utaweza kumjibu?

Hatua ya 2: Tofautisha majina

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. WhatsApp Business, licha ya jina lake, ni ya bure. Ilitoka Januari 2018 kwa ajili ya biashara ndogo, na unaipakua kama programu nyingine yoyote. Inayolipiwa ni ile iitwayo WhatsApp Business Platform, ya kampuni kubwa na mabenki, inayounganishwa na mifumo ya kompyuta na haina hata programu ya kufungua kwenye simu. Mtu akija dukani kwako kukuuzia "WhatsApp Business ya kulipia", muulize anauza ipi kati ya hizo mbili. Kama hajui, umepata jibu.

Zoom, Google Meet na Microsoft Teams kila moja ina mlango wa bure na mlango wa kulipia, na kinachozitenganisha hasa ni dakika na idadi ya watu. Hizo nitazirudia kwenye mikutano.

Skype usiitafute tena. Ilianza 2003, ikanunuliwa na Microsoft 2011, na ikafungwa tarehe 5 Mei 2025. Watumiaji wakaelekezwa Teams. Naitaja kwa sababu bado naona vipeperushi vyenye jina la Skype la ofisi, na kwa sababu inaonyesha kwamba hata programu ya kampuni kubwa inaweza kuzimwa.

Jambo moja zaidi: WhatsApp haipigi namba za dharura. Hata ukihamia intaneti kabisa, bakiza laini ya kawaida ya kupigia 999 au 112.

Hatua ya 3: Pima intaneti kabla ya kuilaumu programu

Simu ya sauti haili data nyingi. Simu nyingi za ofisi hutumia kodeki, yaani kanuni ya kubana sauti, iitwayo G.711. Hiyo hutuma kilobiti 64 kwa sekunde. Kila kipande cha sauti hufungwa kwenye bahasha yenye anwani, na bahasha zenyewe huongeza kilobiti 16 hivi, jumla 80 kwenda na 80 kurudi. Kwa dakika moja ni megabaiti 1.2, kwa saa ni 72. Kodeki ya G.729 hubana zaidi, kilobiti 8 tu pamoja na bahasha zilezile, hivyo saa nzima ni kama megabaiti 22. Opus, inayotumika katika programu nyingi za simu janja, hupanda na kushuka kulingana na hali ya mtandao.

Video ndiyo mlafi. Mazungumzo ya watu wawili kwa video ya ubora wa wastani kwenye Zoom, kilobiti 600 kila upande, humaliza megabaiti 540 kwa saa. Kama unanunua bando la siku, zima kamera na uongee.

Kwenye WhatsApp unaweza kujipimia mwenyewe. Fungua Mipangilio, ingia kwenye hifadhi na data, kisha matumizi ya mtandao. Andika takwimu ya simu, piga simu ya dakika kumi, urudi uangalie imeongezeka kiasi gani. Hapohapo pana kitufe cha kutumia data kidogo wakati wa simu. Kiwashe kama mtandao wa kwenu ni wa kubahatisha. Kama unatumia bando maalum la WhatsApp, soma masharti uone kama simu zimo au ni jumbe tu.

Kinachoharibu mazungumzo zaidi ni kuchelewa na kuyumba kwa mtandao. Sauti ikichukua zaidi ya milisekunde 150 kumfikia mwenzako, mnaanza kukatizana maneno. Jaribu hivi: keti kwenye kompyuta iliyounganishwa na ruta yako saa moja na nusu jioni, wakati jirani wote wanatazama sinema, na uandike kwenye dirisha la amri:

ping -n 100 8.8.8.8

Hiyo ni kwa Windows. Jibu litakuonyesha pakiti ngapi, yaani bahasha ngapi za data, zimepotea, na muda mfupi na mrefu zaidi. Muda huo ni wa kwenda na kurudi, kwa hiyo usiogope ukiona 90 au 120. Ogopa ukiona mfupi ni 40 na mrefu ni 900, au pakiti tano kati ya mia hazikurudi. Hapo hata ulipie programu ya bei gani, utasikika kama mtu anayeongea kutoka ndani ya ndoo.

Mara nyingi dawa ni rahisi: peleka kebo kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta inayopokea simu badala ya kutegemea Wi-Fi inayopita kuta tatu. Na stima. Mvua za radi za kando ya ziwa zinajulikana, na ruta ikizimika simu zote zinazimika nayo. Geuza kifaa cha umeme cha ruta usome nyuma; nyingi ni volti 12. Nunua betri ndogo ya ruta yenye volti hizohizo na ampea zisizopungua zilizoandikwa. Radi ikianza karibu, chomoa kila kitu ukutani. Betri itaendelea kukubeba.

Hatua ya 4: Visha toleo la bure nguo za kazi

Kwa maoni yangu, duka au karakana yenye watu wasiozidi watatu wanaopokea simu haina haja ya kulipia chochote kabla ya kumaliza hatua hii. Wengi huruka hapa wakakimbilia kulipa.

Anza na laini. Isajiliwe kwa jina lako mwenye biashara, au kwa jina la biashara kama imeandikishwa. Isiwe ya karani, isiwe ya mpwa wako "kwa muda". Simu yenye laini mbili inatosha: WhatsApp ya kawaida kwa laini yako ya nyumbani, WhatsApp Business kwa laini ya duka. Namba moja haiwezi kukaa kwenye programu zote mbili. Kama una simu ya mezani, yenye 057 ya Kisumu au 051 ya Nakuru, unaweza kuisajili hiyo kwenye WhatsApp Business: ukifika pa kuthibitisha namba, chagua kupigiwa, usikilize msimbo unaosomewa, uuandike.

Kama namba ya duka tayari iko kwenye WhatsApp ya kawaida, hifadhi nakala ya mazungumzo kwanza, kisha pakua WhatsApp Business na uingize namba ileile. Itakuuliza kama unataka kuhamisha mazungumzo. Kubali, na usiifute ile ya zamani mpaka uone kila kitu kimefika.

Jaza wasifu: jina, mtaa, alama ya karibu inayojulikana, unachouza. Halafu saa za kazi, na hapa niwape aibu yangu mwenyewe. Duka la kwanza nililomwekea mtu, aliniambia anafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni. Nikiwa na haraka nikaandika 2:00 hadi 12:00. Kwa wiki nzima programu ilikuwa ikiwaambia wateja wa saa nane mchana kwamba duka limefungwa, na wa saa tisa usiku kwamba liko wazi. Programu haihesabu saa kama sisi. Saa mbili asubuhi ni 08:00. Saa kumi na mbili jioni ni 18:00.

Weka ujumbe wa salamu na ujumbe wa wakati haupo. Usitafsiri ule uliowekwa na kampuni. Andika kama unavyoongea. Kwa mfano:

"Karibu sana. Tumepata ujumbe wako. Duka liko wazi Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kama ni bei unauliza, tuandikie jina la bidhaa na mahali ulipo, tutakujibu tukifungua."

Majibu ya haraka ni hazina ambayo wachache huitumia. Unaandika jibu refu mara moja, unalipatia jina fupi, mfano "/bei" au "/njia", na baadaye ukiandika hilo fupi jibu lote linajitokeza. Lebo nazo zikusaidie kutenga walioagiza, waliolipa na wanaosubiri mzigo.

Sasa ulinzi. Kwenye akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili: namba ya siri ya tarakimu sita pamoja na barua pepe yako, siyo ya karani. Bila hiyo, mtu yeyote atakayepata msimbo wako wa ujumbe mfupi anaweza kuichukua akaunti.

Wafanyakazi waunganishe kupitia vifaa vilivyounganishwa. Simu kuu inabaki na wewe. Unaruhusiwa vifaa vinne zaidi, na programu ya WhatsApp ya kompyuta inaweza kupokea simu. Simu kuu isizimwe zaidi ya siku 14, la sivyo vifaa vingine vinatolewa. Mfanyakazi akiondoka, fungua orodha hiyo, gusa kifaa chake, mtoe. Sekunde kumi. Mwenye duka wa Kondele angefanya hivi, kijana angeenda Eldoret na nauli yake tu.

Hatua ya 5: Mikutano, chama na zile dakika 40

Zoom ya bure inachukua watu 100 lakini inakatika baada ya dakika 40. Google Meet ya bure inachukua 100 pia, na mkiwa watatu au zaidi mnapewa dakika 60. Teams ya bure ni dakika 60 kwa kundi la hadi 100. Simu ya kundi ya WhatsApp inaishia watu 32, na haina saa inayowahesabia.

Mnaofanya chama cha ukoo, wengine Bungoma, wengine Nakuru, mmoja Minneapolis, mnajua dakika 40 huisha lini: baada ya maombi, salamu na kusoma kumbukumbu, pale tu mweka hazina anapofungua mdomo. Mkiwa chini ya 32, hamieni simu ya kundi ya WhatsApp. Mkizidi, tumieni Meet na muanze na hazina.

Mkiamua kulipa, jueni kwamba anayelipa ni mwenye kuitisha mkutano. Waalikwa wanaingia bure kwa kiungo. Niliwahi kukuta kikundi kinachangisha ili kila mwanachama anunue kifurushi cha Zoom! Kiti kimoja cha katibu, yaani akaunti moja ya kulipiwa, kinatosha. Kwa Zoom Pro mkutano unaweza kuendelea hadi saa 30, muda ambao hata kikao cha mahari hakiufikii. Ukitaka kurekodi, Zoom ya bure hurekodi kwenye kompyuta yako mwenyewe, ya kulipia huhifadhi kwenye seva zao. Google Meet haikupi kurekodi hata kwenye kifurushi cha kwanza cha kulipia, Business Starter. Inabidi upande hadi Business Standard. Hilo liangalie kabla ya kulipa, kwa sababu wengi hulijua baadaye.

Hatua ya 6: Dalili kwamba sasa ulipe

Rudi kwenye daftari. Kama simu mbili au tatu huingia kwa pamoja kila siku na mmoja tu anapokelewa. Kama mteja anahitaji kuhamishwa kutoka mapokezi kwenda kwa daktari au afisa wa mikopo. Kama lazima ujue nani alipokea simu gani. Kama wateja wa kabambe ni wengi lakini wafanyakazi wako wametawanyika, mmoja Kakamega, mwingine Busia. WhatsApp haihamishi simu, haipangi foleni, na haina ripoti.

Hapo unahitaji simu ya ofisi ya mtandaoni. Kampuni inakupa namba ya kawaida, inayopigika kutoka simu yoyote ile, hata kabambe. Simu ikifika kwenye mfumo wao inageuzwa kuwa ya intaneti na kugawiwa kwa wafanyakazi wako, kwenye kompyuta, simu ya mezani au programu ya simu janja. Sauti inamwambia mteja abonyeze 1 kwa mauzo, 2 kwa malipo. Simu zikijaa, zinapanga foleni. Mfanyakazi akiacha kazi unazima kiti chake na namba haijui kilichotokea. Hiyo ndiyo biashara unayonunua. Sacco, kliniki, shirika la magari ya abiria, chuo cha ufundi: hawa ndio ninaowashauri walipe.

Kuna njia ya tatu inayovutia vijana wa kompyuta: Asterisk, programu huria ya kuendesha simu za ofisi iliyoanza 1999, ambayo unaifunga mwenyewe kwenye kompyuta yako. Programu haina bei, lakini kompyuta, stima na fundi vina bei. Na wezi wapo. Niliiacha moja ya majaribio ikitazama intaneti bila ukuta wa ulinzi (firewall), mlango wa 5060, unaopitisha simu za intaneti, ukiwa wazi. Asubuhi kumbukumbu zilikuwa zimejaa watu wanaobahatisha nenosiri. Wakiingia, hupiga namba ghali za nchi za nje usiku kucha na bili inakuja kwako. Kama huna mtu wa kuitazama kila wiki, iache.

Hatua ya 7: Piga hesabu yote

Bei huandikwa kwa kila kiti, kwa mwezi, mara nyingi kwa dola. Tuseme una watu watano, kiti ni dola 10, na dola ni shilingi 130. Hiyo ni 6,500. Weka VAT ya asilimia 16, yaani 1,040, inakuwa 7,540 kwa mwezi, au 90,480 kwa mwaka. Hapo hujaongeza dakika za kupiga simu za kawaida, ambazo hulipiwa kando, wala intaneti ya akiba. Sasa punguza viti. Mlinzi hahitaji kiti. Mpishi wa shule hahitaji kiti. Mara nyingi watano huwa wawili.

Kwa programu za nje, kadi ya M-Pesa GlobalPay hufanya kazi vizuri. Weka tarehe ya kujirudia kwa malipo kwenye kalenda yako, siku tatu kabla, kwa sababu kifurushi hakiulizi, kinakata. Lipa kwa mwezi kwanza hata kama bei ya mwaka ina punguzo.

Ukirekodi simu, mwambie mteja mwanzoni. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu. Biashara yenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 husamehewa kujiandikisha kwa Kamishna wa Data, lakini kliniki na wengine wanaoshika taarifa za afya hawamo kwenye msamaha huo, hata wakiwa wadogo.

Hatua ya 8: Mhoji muuzaji, kisha jaribu mwezi mmoja

Muulize haya, na majibu yawe kwa maandishi. Nikiondoka kwenu, namba naondoka nayo? Kumbukumbu za simu naweza kuzipakua? Intaneti ya ofisi ikikatika, simu zitaelekezwa kwenye laini gani? Nani mwingine ana nenosiri kuu? La kwanza ndilo linalowafanya wakohoe.

Mwezi wa majaribio, usiitangaze namba mpya. Ielekeze ile ya zamani iingie kwenye mfumo mpya na uendelee na daftari lako la hatua ya kwanza, uone simu zilizopotea zimepungua au la. Ipigie mwenyewe kutoka kabambe, wakati wa mvua, Jumamosi saa saba mchana. Zima ruta makusudi ukaone simu inakwenda wapi. Mtoe mfanyakazi mmoja kwenye mfumo kisha umrudishe, ujue unaweza bila kumwita fundi.

Yote hayo yakipita, mwite mchoraji aje na rangi.